Bili ya Makadirio

Kazi yangu ni kusoma mita.
Nyalenda, Manyatta, juu Milimani kwenye mageti ya chuma,
nabisha hodi, nachungulia namba, naandika.
Mbwa akiwa nje na mwenye nyumba hayupo,
nakadiria.
Mwezi unaofuata mtu hunijia na karatasi mkononi:
"Uniti zote hizi nilizila mimi?"
Naye ana haki.

Mwaka mzima nilijitoza vivyo hivyo.
Nilisema kizingiti changu ni wati mia mbili na thelathini.
Nani aliniambia? Simu. Na kioo cha bafuni.
Nikafanya mazoezi kwa namba hiyo
mpaka siku ile ya Ahero, kilomita ya tisini,
nilipoketi kando ya mashamba ya mpunga
nikaomba maji kwa ishara,
mtoto wa watu akaniuliza jina
likanipotea.

Basi leo Jumapili, saa kumi na mbili kasorobo,
niko Mamboleo, mlima wa Riat umenikalia mbele.
Pedali za kupimia nimeazima kwa Chelagat wa Kapsabet,
wiki moja, alisema, na usiniletee matope.
Binamu yangu Abuto yuko nyuma na pikipiki,
ana saa, chupa mbili, na maoni.
"Wati ni za balbu," anasema. "Mtu ana pumzi."

Sheria ni fupi:
dakika ishirini toa ulicho nacho,
chukua wastani, ukate asilimia tano.
Kinachobaki ndicho unachoweza kulipa saa nzima.
Rahisi, kama deni la mtu mwingine.

Dakika ya tatu, mia mbili na sitini. Najiona malkia.
Dakika ya saba, najuta.
Ya kumi na moja, lori la miwa linanipita polepole,
vijana wawili wa baisikeli wamelishika mkia,
mmoja ananinyooshea mkono: "Dada, shika!"
Sikushika. Nilijificha tu nyuma yake
na upepo ukafa,
barabara ikawa nyepesi kama shuka,
na namba kwenye usukani ikaporomoka:
mia na sabini, mia na hamsini.
Kasi juu, wati chini.
Ninawajua wanaounga waya nyuma ya nyumba,
friji inanguruma, mita imelala.
Nikaliacha lori liende na kicheko chake.

Baada ya hapo sina hadithi.
Mdomo ulikuwa na ladha ya sarafu.
Mwanamke mmoja anayekwenda kanisani
alinipa njia, akanipa na pole.
Abuto akapiga honi.

Mia mbili na kumi na mbili.
Kata. Mia mbili na moja.

"Balbu mbili za mia," anasema Abuto, "zile za zamani."
"Ndiyo."
"Saa nzima?"
"Saa nzima."
"Na tokeni yake?"
Hiyo naijua usingizini: tano ya uniti moja.
Bei ya andazi, na si lile kubwa.
Tukacheka mpaka nikatapika kidogo, pembeni, kwa heshima.

Na siku yenyewe hata hizo sitaziwasha zote.
Kilomita mia na themanini, kisha miguu idaiwe marathoni:
nitaendesha kwa asilimia sabini,
wati mia na arobaini,
balbu moja na mwanga wa jirani,
mradi isizimike.

Nyumbani nimefungua daftari la kazi,
ukurasa wa mwisho, ambao meneja hausomi.
Nimeandika 201.
Kuna safu mbili: imesomwa, imekadiriwa.
Kalamu ilisita.
Kwa kiapo, hata hii ni makadirio,
dakika ishirini zikisemea sitini.
Ila safari hii sikuandikia getini.
Niliingia, na mbwa alikuwepo.
Mapaja haya, tazama,
ndipo aliponiuma.